Kutoka Kivu Kwenda Kuchota Maji Chini ya Barafu

Nyinyi mlioniuliza, sogezeni viti. Habari hii nimeshaieleza vipande vipande: kwenye boti, sokoni, hata kwenye harusi ya watu walionialika nile tu. Sasa kila mtu ana kipande chake na havifanani. Bosco anasema nilitembea juu ya bahari. Shangazi Zaina amewaambia jirani zake wa Goma kwamba niliishi ndani ya friji kwa wiki mbili. Basi leo nayaweka yote mahali pamoja, polepole, na asiyeelewa arudi juu asome tena. Hakuna haraka.

Kwa asiyenijua: mimi ni Claudine, ila hapa Gisenyi naitwa Mama Ganza. Nilikulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana Bosco huita Kiswahili changu "ya redio". Kazi yangu ni kuchota maji ya Ziwa Kivu ili yakapimwe, na Bosco ndiye nahodha wa boti yetu.

Ziwa letu limebeba gesi huko chini, kama soda ambayo haijafunguliwa. Chupa tunayochotea ni bomba la plastiki lenye urefu wa mkono, wazi juu na chini. Unaishusha kwa kamba mpaka kina unachotaka. Halafu unaachilia kipande cha shaba kiteleze kufuata kamba. Kikifika kinagonga, na vifuniko viwili vinajifunga. Hapo umeyakamata maji ya kina kile, si ya juu wala ya kati. Ukiipandisha chupa, gesi inataka kutoka kwa nguvu, na ukifungua koki yake ya kutolea maji papo hapo maji yatakurukia usoni na kipimo kimeharibika. Kwa hiyo tunasubiri. Nalegeza kifuniko cha juu kidogo, nahesabu mpaka mia mbili kwa Kinyarwanda, kisha ndipo nafungua koki. Bosco anasema tunaacha chupa ipumue. Nimefanya hivyo miaka tisa, na mkono wangu sasa unahesabu wenyewe.

Kumbukeni hilo la kuhesabu. Tutalirudia.

Gisenyi hadi Kigali

Aliyeniita ni Signe, dada wa Denmark anayesomea shahada ya uzamivu. Miaka miwili iliyopita alikuja kwetu kujifunza kuchota. Siku nne mfululizo alitapika pembeni ya boti, na Bosco akawa anamtafunisha tangawizi. Siku ya tano alishika kamba. Utafiti wake ni wa gesi ileile, ila katika maziwa madogo ya Greenland ambayo barafu huyafunika sehemu kubwa ya mwaka. Gesi hujikusanya chini ya barafu kama mvuke chini ya mfuniko wa sufuria. Kwa hiyo Signe alihitaji maji ya chini kabisa kabla mfuniko haujayeyuka. Mwaka uliotangulia ukungu ulimzuia asifike. Huu ulikuwa mwaka wa mwisho aliopewa. Bila maji yale, miaka yake mitatu ya kazi ingebaki nyumba isiyo na paa. Akaniomba nikawe mkono wake.

Mnakumbuka asubuhi ya kuondoka. Bosco alinibebea begi mpaka kituoni, akiuliza njia nzima.

"Mama Ganza, ile baridi iko namna gani? Kama ya Kinigi, kule milimani?"

"Zaidi ya Kinigi."

"Zaidi namna gani? Baridi ni baridi. Mutu anavaa majaketi mbili, basi."

Shangazi Zaina alivuka mpaka alfajiri na wachuuzi wa nyanya ili aniwahi. Alinipa kitenge cha kijani na nusu kilo ya sambaza wakavu, dagaa wa Kivu.

"Mutoto wangu, kule iko Waislamu?"

"Sijui, shangazi."

"Bon. Ukiona hata moja, kaa karibu yake. Chakula yake haitakusumbua."

Nilimkumbusha kwamba mimi ni Mkatoliki na nakula kila kitu. Akasema dini ni jambo moja na tumbo ni jambo lingine.

Kigali hadi Greenland

Safari ya ndege mpaka Kopenhagen sina la kusimulia, nililala. Kopenhagen ndege ya kuendelea iliharibika, tukakaa siku nzima uwanjani. Nje kulikuwa na baridi ya kuuma meno, na watu walikuwa wamekaa juani wakilamba aiskrimu. Nikajiambia kwamba labda Bosco alisema kweli, baridi ni baridi.

Katika ndege ya pili nilikaa karibu na bibi mmoja wa Greenland aliyekuwa akifuma sufu. Alizitazama glovu zangu nilizonunua kwenye caguwa, mitumba ya pale soko la Mbugangari. Akazishika, akapitisha kidole kwenye tundu, akacheka bila sauti. Kisha akatoa kwenye mfuko wake soksi mbili ndogo za mkono, za sufu nene, zilizofunika kiganja na kuacha vidole wazi. Akaniwekea mapajani.

"Ni zangu kabisa?" nikauliza kwa Kiingereza, nikajionyesha kifuani.

Akanitazama kama mtu aliyeshangaa, nyusi juu, akageukia dirisha. Nikaona nimemkosea, labda alitaka tu nizione. Nikamrudishia. Akanirushia tena. Nikauliza mara ya pili, akashangaa vilevile, nyusi juu, kimya. Nikamrudishia. Mara ya tatu alizivalisha mikononi mwangu mwenyewe, kwa nguvu, kama unavyomvalisha mtoto anayechelewa shule, akasinzia. Nilikaa na mikono yangu mapajani saa nne nzima, sijui kama nimepewa au nimeazimwa.

Mji wa kusubiri

Tulitua mahali panapoitwa Kangerlussuaq, jina refu kama foleni ya mpakani pale Petite Barrière. Ni uwanja wa ndege, nyumba chache za rangi, na milima pande zote. Signe alikuwa akinisubiri na koti jekundu ambalo ndani yake ningeweza kumbeba Ganza na baiskeli yake. Kutoka hapo tulipaswa kwenda kambini kwa helikopta asubuhi iliyofuata. Tulikaa siku nne. Ukungu ulipanda kutoka kwenye mkono wa bahari ukalala juu ya mji. Kila asubuhi rubani alitoka, akatazama, akarudi kunywa kahawa.

Signe alikuwa akihesabu siku. Helikopta ya kutuondoa kambini ilikuwa na tarehe yake na haisogei, maana kulikuwa na kambi nyingine zinazoisubiri. Kila siku ya ukungu ilikata siku moja ya ziwa. Tulikuwa na nane, zikawa saba, zikawa sita, mwishowe nne. Siku ya nne aliacha kula.

Hapo ndipo nilipomjua Malik, mtu wa makamo, mfupi na mpana, anayeangalia kambi, vyombo na usalama wa barafu. Kusikia jina lake tu, moyo wangu ulitulia. Nikampigia shangazi.

"Nimempata."

"Nilikuambia. Anaitwa nani?"

"Malik."

"Alhamdulillah. Kaa pale pale."

Jioni hiyo Malik alikula soseji tatu za nguruwe mbele yangu kwa raha zote. Nilimuuliza kwa upole sana, maana mtu huwezi kujua. Alicheka mpaka akaweka uma chini. Malik kwa lugha yao ni wimbi la maji, na yeye ni Mkristo, na baba yake alikuwa mwimbaji wa kanisa. Shangazi sijamwambia mpaka leo. Akisoma hapa, anisamehe.

Nilitoa sambaza. Malik akaenda chumbani, akarudi na samaki wakavu wembamba, warefu kama kidole kirefu, wakinuka vizuri. Akawapanga mezani karibu na wangu.

"Hawa wako ni watoto wa hawa," akasema.

"Au hao wako ni wazembe waliokaa shuleni miaka mingi," nikasema.

Tulikula wote, vichwa na mikia. Signe alikula wawili, na hicho kilikuwa chakula chake cha siku.

Jambo moja tu kwa Malik lilinichosha. Akiongea anaongea, lakini ukimuuliza swali dogo hajibu. "Ukungu utaondoka kesho?" Anakutazama kwa mshangao, kimya. "Chai bado ipo?" Mshangao, kimya. Nikaona labda kwao mwanamke mgeni akiuliza sana ni utovu wa adabu. Nikaamua kuuliza kidogo.

Kambini

Siku ya tano ukungu ulifunguka kama pazia na tukaruka. Kambi ni mahema manne ya kulala, hema moja kubwa la jikoni, na weupe mpaka macho yanachoka. Mkuu wake ni Profesa Karin, mama wa miaka sitini hivi. Siku ya kwanza nilimkuta anaosha masufuria. Nikamnyang'anya sponji. Akaninyang'anya. Ukutani kuna ratiba, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye masufuria siku ile.

"Profesa, tafadhali."

"Karin," akasema. "Na wewe ni kesho."

Mwajua kwetu bosi akishika sufuria, watu wanajiuliza nani amekufa. Niliosha yangu kesho yake, na Karin akaja kukagua, akanirudishia moja.

Usiku ulikuwa kama wa kuazima, giza halikukomaa. Nililala nimevaa kila nilichokuwa nacho, na chupa ya maji ya moto miguuni.

Siku mbili za kwanza upepo ulivuma mpaka hatukuweza kutoka, ukalipasua hema dogo ambalo hufunika shimo la kuchotea na kuwakinga wachotaji. Siku zikabaki mbili, na ya mwisho ilikuwa ya kufunga mizigo. Kwa hiyo hesabu yake ni rahisi: tulikuwa na siku moja, hatuna hema, na tuna chupa mbili za kuchotea. Moja mpya, na moja kuukuu yenye springi iliyochoka.

Ziwani

Ziwa liko mwendo wa dakika arobaini kutoka kambini kwa pikipiki ya theluji. Malik aliendesha, mimi nyuma yake, Signe nyuma kabisa kwenye sleji na vyombo. Nilipotaka asimame nirekebishe kofia, nilimgonga bega mara mbili kama ninavyowafanyia vijana wa moto, yaani bodaboda, hapa mjini. Akasimama. Nikafurahi kwamba lugha hiyo angalau inafika popote.

Malik alitoboa barafu kwa keekee ndefu kuliko yeye. Shimo lilipofunguka, maji meusi yalipanda yakatulia. Nilipiga magoti. Joto lilikuwa nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, na upepo mdogo. Tuligawana kazi: Malik ashike kamba, maana mkono wake ndio ungesikia chupa ikijifunga kule chini, mimi nishike chupa na koki, Signe ashike vichupa vya kioo kumi na viwili ambavyo ndivyo vingesafiri hadi maabara.

Tulishusha ile mpya. Shaba ikateleza, ikagonga. Tukapandisha. Chupa ikatoka imejaa, inang'aa, na Signe akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mwaka uliotangulia.

Nami nikafanya nilichokuwa nimeitiwa. Nikaisimamisha chupa mapajani, nikalegeza kifuniko cha juu kidogo, nikaanza kuhesabu. Rimwe, kabiri, gatatu. Signe, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kusubiri, alisubiri. Nilipofika sitini niliona weupe kidogo kwenye koki. Nikamuuliza Malik bila kuinua kichwa, "Inaganda?" Kimya. Nilipofika mia nikauliza tena. Nikamtupia jicho: ananitazama kwa mshangao wake uleule, kimya. Basi nikajua hakuna tatizo, kama lingekuwepo mtu wa barafu angesema. Mia mbili. Nikashika koki, haizunguki. Nikaongeza nguvu. Ikakatika mkononi mwangu kama biskuti.

Maji yote yalimwagika juu ya barafu. Kabla sijasimama yalikuwa yameshageuka kioo.

Signe alikwenda akakaa kwenye sleji, akatugeuzia mgongo. Nimewahi kuharibu vitu, lakini sikuwahi kusafirishwa kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine ili nikaharibu.

Nilimgeukia Malik, na nakiri sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nimekuuliza mara mbili kama inaganda. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikujibu," akasema. "Mara mbili."

"Hukusema neno."

"Nilikujibu." Akainua nyusi.

Signe aligeuka kwenye sleji. Machozi yalikuwa yameganda kwenye kope zake, na chini ya hayo machozi alianza kucheka, cheko la mtu aliyeishiwa.

"Claudine," akasema. "Hiyo ni ndiyo. Kwao nyusi juu ni ndiyo. Sikukuambia?"

Hakuniambia. Nikarudisha mawazo nyuma: ukungu utaondoka kesho, ndiyo. Chai bado ipo, ndiyo. Na mimi nilikaa bila chai. Yule bibi wa ndegeni alinipa soksi zake za mkono mara tatu kwa moyo mmoja, nami nikamrudishia usoni.

"Na hapana?" nikauliza.

Malik akakunja pua.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana mtu mwingine anaweza kulifanya. Maji ya Kivu yanatoka na gesi nyingi, na hewa yetu ina joto. Kusubiri ndiko kunakookoa kipimo. Maji ya ziwa lile yana gesi, lakini kidogo sana, haiwezi kukurukia. Adui pale ni hewa yenyewe. Kila ulichojifunza kukifanya taratibu, pale ukifanye mbio. Methali yetu ya haraka na baraka waliitunga watu wa joto.

Malik alitazama upande wa bahari. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda tena.

"Tuna saa moja?" nikauliza, safari hii nikimtazama usoni. Pua ikakunjika.

"Nusu saa?" Nyusi juu.

Niliichukua ile chupa kuukuu, nikaiweka ndani ya koti langu, tumboni, ipate joto wakati Malik akivunja barafu mpya iliyokuwa imefunga shimo. Nikavua glovu kubwa. Nikabaki na sufu za bibi, vidole nje, maana kifuniko cha kichupa hakifungwi na glovu. Nikamwambia Signe, "Nikisema sasa, usisubiri kitu. Nilichokufundisha Gisenyi kisahau kwa dakika kumi."

"Nimeshakisahau," akasema.

Chupa ikashuka. Shaba ikateleza. Springi ile kuukuu ndiyo tuliyoiogopa. Ikikataa, tungevuta bomba tupu. Nilimtazama Malik. Alikuwa amefumba macho, kamba kwenye vidole viwili.

"Imefunga?"

Hakufumbua macho. Nyusi zilipanda taratibu.

Tukavuta. Chupa ilipotoa kichwa tu nikawa nimeshachomeka mrija wa mpira kwenye koki na kufungua. Maji yakatiririka. Mpira mpaka chini ya kichupa, acha maji yafurike mara tatu ili hewa yote itoke, vuta mpira, funga bila povu hata moja. Kingine. Kwenye cha nne vidole viliacha kuuma, na Malik akasema hiyo si dalili nzuri. Kwenye cha saba nilikuwa nafunga kwa kutazama, si kwa kuhisi. Cha kumi na mbili Signe alikifunga mwenyewe, akakiinua kwenye mwanga. Hakikuwa na povu.

Sanduku la kupashia vichupa lilikuwa limepasuka pamoja na hema, na mbele yetu kulikuwa na dakika arobaini za upepo. Nikatoa kitenge cha shangazi. Tulivifunga vichupa ndani ya soksi za Signe, nikavibeba mgongoni chini ya koti, kitenge kikikaza kifuani, kama nilivyombeba Ganza.

"Bibi yangu alinibeba ndani ya kofia ya koti lake," Malik akasema. "Nililia?"

"Sasa mimi nitajuaje?" nikasema.

"Hawa wako hawalii," akasema, akawasha pikipiki.

Tulifika kambini ukungu ukiwa visiginoni. Karin alivitoa vichupa mgongoni mwangu kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti. Vyote kumi na viwili vilikuwa bado maji, si barafu. Jioni ile jina langu lilikuwa kwenye ratiba ya masufuria. Nilipoenda kuyaosha nilikuta mtu ameshayaosha, na sikurudishiwa hata moja.

Kurudi nyumbani

Kurudi kulikuwa kufupi, kama kawaida ya kurudi. Vidole viwili vilichubuka ngozi, sasa vimepona. Bosco nilimkuta kituoni.

"Sasa, ile baridi ni zaidi ya Kinigi?"

Nikainua nyusi. Akasubiri jibu mpaka tukafika nyumbani.

Wiki zilipita bila habari ya maabara, nami nilikuwa nikiamka nawaza ile koki iliyokatika. Mwishowe nikamwandikia Signe: je, maji yale yalifaa? Hakuandika neno. Alinitumia picha. Yuko mezani na karatasi zake, Karin upande mmoja na Malik upande mwingine, wote watatu wananitazama kama watu walioshangaa.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Nanyi, siku mkimuuliza mgeni swali akanyamaza, msilirudie swali. Inueni kichwa kwanza, mtazameni nyusi.